Hakuna Damu Inayojaa Tumboni: Dhana Potofu Kuhusu Uzazi wa Mpango

Wiki hii tena, mama mmoja aliyetumia sindano ya uzazi wa mpango kwa miezi 9 alifika kliniki akiwa ameshika tumbo kwa mikono miwili, akaomba dawa ya kusafisha damu ya hedhi isiyotoka ambayo, kwa maneno ya jirani yake, imegeuka mabonge na itamletea uvimbe. Maneno haya nimeyasikia mara nyingi mno, na yananiuma, kwa kuwa wanaoyaamini huacha sindano kimyakimya, kisha hurudi wakiwa na mimba wasiyoitarajia.

Damu ya hedhi si uchafu unaozunguka mwilini ukitafuta pa kutokea. Ni utando wa ndani wa mji wa mimba, unaojengeka kila mwezi kuipokea mimba na kubomoka mimba isipotunga. Homoni iliyomo kwenye sindano huzuia yai kupevuka, huufanya ute wa mlango wa kizazi kuwa mzito, na huuacha utando huo mwembamba kiasi kwamba hakuna cha kubomoka; ndiyo maana hedhi hupungua, na kwa wengi hukoma kabisa. Mbona anayenyonyesha hukaa miezi bila kuziona siku zake, na hakuna anayemwambia kuwa damu imemjaa?

Dhana kwamba sindano huleta ugumba ni ndugu yake. Ni kweli kwamba baada ya sindano ya mwisho uzazi huweza kuchukua miezi kadhaa kurudi, lakini kuchelewa si kufungwa kizazi. Kinachoziba mirija ya uzazi mara nyingi ni magonjwa ya zinaa ya kisonono na klamidia yasiyotibiwa, ambayo sindano haiyakingi; kondomu ndiyo huyakinga. Anayetaka kushika mimba mapema baada ya kuacha, mimi humshauri achague vijiti vya mkononi au kitanzi cha kwenye mji wa mimba.

Wapo pia wanaosema kitanzi hupanda hadi moyoni; hakina pa kupita. Kunyonyesha nako hukinga mimba pale tu mtoto hajafikisha miezi 6, ananyonya maziwa ya mama pekee usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Vasektomi, yaani kufunga uzazi kwa mwanamume, haipunguzi nguvu za kiume, ila kondomu itumike kwa miezi 3 ya mwanzo.

Yule mama alichoma sindano yake ya nne siku ileile. Tarehe ya kurudi nimeiandika kwa wino mwekundu kwenye kadi yake, nikamsisitizia aje siku hiyo, hedhi ionekane au isionekane.