Imani na Afya ya Akili: Maswali na Majibu

Je, ni kweli kwamba ibada huimarisha afya ya akili?

Kwa watu wengi, ndiyo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016, uliofuatilia karibu wauguzi wa kike 90,000 kati ya mwaka 1996 na 2010, ulionyesha kuwa kiwango cha kujiua miongoni mwa waliohudhuria ibada kila wiki kilikuwa takriban moja ya tano ya kile cha wasiohudhuria kabisa. Hilo halithibitishi kwamba ibada pekee ndiyo iliyowakinga, kwani aliyezama katika sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, hushindwa hata kutoka nyumbani. Hata hivyo, kuwa na watu wanaokujulia hali usipoonekana ni kinga isiyopaswa kudharauliwa.

Je, imani inaweza pia kumuumiza mtu?

Inaweza, na jambo hili halizungumzwi vya kutosha. Mwanasaikolojia Kenneth Pargament alitofautisha anayemwona Mungu kuwa mwenzi wake katika shida na anayeamini kwamba ugonjwa ni adhabu au kwamba Mungu amemtupa. Huyu wa pili huelekea kuzidiwa na huzuni na wasiwasi. Ndiyo maana kumwambia mgonjwa wa sonona kwamba imani yake ni haba ni kumwongezea mzigo wa hatia, ilhali hatia isiyo na msingi ni mojawapo ya dalili za ugonjwa wenyewe.

Wapo pia wanaoteswa na wasiwasi wa kidini: mtu anarudia udhu hadi ngozi inachubuka, au anaanza sala upya kila anapodhani amekosea neno moja. Huo si uchaji uliozidi, bali ni ugonjwa unaotibika.

Nikipata nafuu kwa maombi, niache dawa?

La. Omba, na uendelee kumeza dawa, kwa maana kuziacha ghafla kunaweza kuurudisha ugonjwa. Anayekusudia kufunga amwone daktari mapema, hasa akitumia lithiamu, dawa ya kutuliza mabadiliko makali ya hisia, kwa kuwa upungufu wa maji mwilini unaweza kuifanya dawa hiyo ifikie kiwango cha sumu katika damu.

Kiongozi wa dini afanye nini muumini anaposema amechoka kuishi?

Amuulize waziwazi kama anafikiria kujiua, kwani swali hilo halimpandikizii wazo hilo. Akikiri, asimwache peke yake, bali amsindikize hospitalini siku hiyo hiyo.