Kwa nini mfanyakazi akiumia, siku hizi anaulizwa bosi?

Fomu ya taarifa ya ajali kazini huwa na sehemu ya kujaza chanzo, na kwa miaka mingi jibu lake lilijulikana kabla kalamu haijashikwa: uzembe. Fundi kaanguka kutoka ghorofa ya tatu? Hakufunga mkanda. Mashine imekula kidole? Hakuwa makini. Na pale ambapo uzembe haukuonekana kabisa, watu walitikisa vichwa, wakasema ajali haina kinga, faili likafungwa.

Siku hizi, hasa ajali inapokuwa kubwa, maswali hayaishii kwa aliyeshika spana. Yanapanda ngazi hadi kwenye ofisi yenye kiyoyozi: ulijua nini, ulijua lini, na ulipojua ulifanya nini? Mabadiliko haya hayakuletwa na huruma. Yaliletwa na maiti, na kwa kiasi fulani na hesabu za fedha.

Uzembe ulipata heshima ya kitaalamu mwaka 1931 nchini Marekani. Herbert W. Heinrich, mtumishi wa kampuni ya bima ya Travelers, alipekua maelfu ya madai ya bima na kumbukumbu za wenye viwanda, akahitimisha kwamba asilimia 88 ya ajali husababishwa na vitendo vya watu visivyo salama. Mazingira mabovu yalipewa asilimia 10, na mbili zilizobaki zikahesabiwa kuwa haziepukiki. Takwimu hiyo ilizunguka dunia nzima, na mpaka leo utaisikia kwenye semina. Kinachosemwa mara chache ni nani aliandika zile taarifa. Nyingi zilitoka kwa wenye viwanda na wasimamizi wao. Mtu aliyeiacha mashine bila kinga ndiye anayeulizwa kwa nini imemkata mtu, ulitarajia ajitaje? Lakini kwa kuwa jibu lilikuwa mfanyakazi, kazi ya kiongozi ikawa nyepesi: bandika mabango, karipia, kata mshahara, fukuza.

Uingereza ilianza kugeuka kupitia kamati iliyoundwa mwaka 1970 chini ya Lord Robens. Kabla ya hapo sheria za viwanda zilikuwa lundo la masharti madogo madogo, na mkaguzi wa serikali alikuja kupima kama yamefuatwa. Ripoti ya kamati, iliyotoka mwaka 1972, ilisema wanaotengeneza hatari na wanaofanya kazi ndani yake ndio wanaopaswa kuishughulikia, na kwamba usalama ni suala la uongozi tangu kwenye bodi ya wakurugenzi. Sheria mpya ikafuata mwaka 1974. Hapa historia inaonyesha ucheshi wake mbaya. Robens huyohuyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa National Coal Board, shirika la serikali la makaa ya mawe, Oktoba 1966, wakati lundo la taka za mgodi lilipoporomokea kijiji cha Aberfan huko Wales na kuua watu 144, kati yao watoto 116. Siku hiyo hakwenda kijijini. Alikwenda kwenye sherehe ya kusimikwa kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Surrey.

Sheria ilikuwapo, basi, na imeandikwa vizuri. Haikutosha. Usiku wa Julai 6, 1988, Piper Alpha, jukwaa la mafuta na gesi lililokuwa Bahari ya Kaskazini, upande wa Scotland, lililipuka na kuteketea. Watu 167 walikufa.

Mchana wa siku ile valvu ya usalama ya pampu moja ilikuwa imetolewa kwa matengenezo, na mahali pake pakazibwa kwa kifuniko cha muda kisichobana sawasawa. Kibali cha kazi kilichoeleza hayo hakikuwafikia walioingia zamu ya usiku. Pampu ya pili ilipozima karibu saa nne usiku, wao wakaiwasha ile ya kwanza. Gesi ikavuja, ikashika moto.

Mpaka hapo bado mtu angeweza kuandika uzembe kwenye fomu yake. Kilichofuata ndicho kisichoingia kwenye fomu. Majukwaa mawili ya jirani, Tartan na Claymore, yalikuwa yameunganishwa na Piper Alpha kwa mabomba. Waliokuwa huko walijua jirani anaungua, lakini mabomba yao yakaendelea kusukuma. Kusimamisha uzalishaji baharini si kama kuzima taa. Ni hasara kubwa, na kurejesha kila kitu huchukua muda. Mameneja wakasita, wakingoja baraka za wakubwa wa nchi kavu. Wakati wakingoja, kilichokuwa kwenye mabomba yale kiliendelea kuulisha moto.

Ukikutazama kusita kule utaona kwamba hakukuzaliwa usiku huo. Hakuna barua iliyohitajika kuwaambia mameneja wale kwamba kufunga bomba bila ruhusa ni kosa baya kuliko kuchelewa kulifunga. Walilijua hilo kutokana na miaka ya kazi: nani husifiwa, nani huulizwa maswali makali kwenye simu ya asubuhi, kipi hutajwa kwanza kwenye kikao. Huo ndio uongozi wenyewe, na ulikuwa umefanya kazi yake zamani kabla gesi haijavuja. Tena dalili zilikuwapo. Mwaka uliotangulia, kifo cha mfanyakazi mmoja kwenye jukwaa hilohilo kilikuwa kimeonyesha udhaifu wa vibali vya kazi na makabidhiano ya zamu. Lord Cullen, jaji aliyeongoza uchunguzi, alitoa ripoti mwaka 1990 yenye mapendekezo 106. Tangu hapo kampuni zenye majukwaa katika bahari ya Uingereza zililazimika kueleza kwa maandishi hatari zote kubwa zilizopo na namna zinavyodhibitiwa, kabla ya kuruhusiwa kufanya kazi. Mzigo wa kuthibitisha ukahamia kwa mwenye mtambo.

Hesabu za fedha nilizozitaja zinatoka Marekani. Oktoba 1987, Paul O'Neill, mkurugenzi mtendaji mpya wa kampuni ya aluminiamu ya Alcoa, alisimama mbele ya wawekezaji mjini New York. Walitarajia habari za faida, kodi na ushindani. Yeye akaanza na usalama wa wafanyakazi, akaongeza kuonyesha milango ya kutokea iwapo moto ungezuka ukumbini. Alipoulizwa maswali ya biashara alirudi palepale: mkitaka kujua kampuni inaendaje, tazameni takwimu za watu kuumia. Baadhi ya waliomsikiliza walitoka wakidhani kampuni imepata kichaa.

Alichofanya baada ya hapo kilikuwa kikavu, karibu cha kiofisi. Mtu yeyote akiumia popote, mkuu wa kitengo husika alipaswa kumjulisha O'Neill ndani ya saa 24, akiwa na mpango wa kuzuia jambo hilo lisirudie. Ukiifikiria amri hiyo kidogo tu utaona ilivyokuwa na meno. Ili mkuu wa kitengo ajue ndani ya siku moja, lazima meneja wa kiwanda amwambie mapema, na ili meneja ajue, msimamizi wa zamu asifiche, na ili msimamizi awe na mpango mkononi, lazima awe amekaa na wanaoijua mashine wakazungumza. Njia iliyofunguliwa kwa ajili ya habari za majeraha ikaanza kupitisha na mambo mengine: mashine inayosumbua, malighafi mbovu, wazo la fundi ambalo hakuna aliyewahi kulisikiliza. O'Neill aliwapa wafanyakazi hata namba ya simu ya nyumbani kwake, wampigie wakiona mameneja wanapuuza.

Mapema katika uongozi wake kijana mmoja alikufa kwenye kiwanda huko Arizona. Mtambo ulikuwa umekwama, akaruka kizuizi kwenda kuunasua, ukamponda. Mfano kamili wa uzembe, kwa fomu ile ya zamani. O'Neill aliwaita wakubwa wenzake, akawaambia kwamba ni wao waliomuua kijana yule, yeye akiwa wa kwanza. Kizuizi kilirukika. Wasimamizi walikuwapo, wakamwona, hawakumzuia. Na bila shaka hakuna aliyewahi kuambiwa kwamba mtambo kukaa umekwama nusu saa si janga.

Mwaka 1987 Alcoa ilikuwa na karibu majeruhi wawili kwa kila wafanyakazi 100 kwa mwaka ambao walilazimika kukosa kazi. Kufikia mwaka 2000, O'Neill alipokaribia kuondoka kwenda kuwa Waziri wa Fedha wa Marekani, walikuwa wamepungua hadi takriban 0.2, na faida ilikuwa imepanda mara kadhaa. Sisemi kwamba usalama peke yake ndio ulioleta fedha hizo. Bei ya aluminiamu ina mambo yake. Ila ile hoja kwamba usalama hula faida ilipoteza nguvu kubwa siku zile. O'Neill alionyesha pia makali yake: mwaka 1996, baada ya mtawa mmoja wa Kikatoliki kusimama kwenye mkutano wa wanahisa na kueleza hali ya wafanyakazi wa kiwanda cha Alcoa huko Ciudad Acuña, Mexico, uchunguzi ulibaini kwamba matukio ya watu kudhurika kwa gesi hayakuripotiwa ipasavyo makao makuu. Mkubwa aliyesimamia kitengo hicho, mtu wa miaka mingi kwenye kampuni, aliondolewa.

Sasa, habari kama ya O'Neill hupendwa mno, na kupendwa huko kumeleta ugonjwa wake. Wakubwa wengi walichukua nusu moja: wakaanza kufuatilia takwimu za majeruhi na kuzifungia bonasi. Bango la "siku kadhaa bila ajali" likaning'inizwa getini. Matokeo yake unaweza kuyakisia. Mtu akikatwa kidogo, wenzake wanamsihi anyamaze, maana akiandikwa wote wanakosa posho.

Hata pale ambapo takwimu si za uongo, zinaweza kuwa zinatazama mahali pasipo. Machi 23, 2005, mtambo wa kusafisha mafuta wa kampuni ya BP huko Texas City, Marekani, ulilipuka na kuua watu 15. Jopo lililochunguza usalama wa mitambo ya kampuni hiyo Marekani lilieleza, Januari 2007, kwamba uongozi ulikuwa umechukulia kupungua kwa majeraha ya kawaida kuwa ushahidi kwamba mitambo nayo iko salama. Watu walikuwa hawatelezi ngazini, huku vifaa vya kuzuia mlipuko vikichakaa. Miaka mitano baada ya mlipuko huo, Aprili 20, 2010, ikawa zamu ya Deepwater Horizon, mtambo uliokuwa ukiichimbia BP kisima cha mafuta katika Ghuba ya Mexico: ulilipuka, 11 wakafa. Siku ileile wakubwa wa BP na wa Transocean, wenye mtambo, walikuwa humo ndani kwa ziara, na miongoni mwa mambo yaliyosifiwa ni miaka saba bila mtu kuumia kiasi cha kukosa kazi. Walikuja kuonekana. Kisima hakikuwaona.

Huku kwetu, sheria ni ndugu wa ile ya Uingereza, na nasaba yake haifichiki. Tanganyika na Kenya zilirithi sheria za viwanda za kikoloni, zilizokaguliwa kwa kipimo na rula. Tanzania ilipitisha Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi mwaka 2003, Kenya ikafuata na yake mwaka 2007. Ya Kenya inataka kila sehemu yenye watu 20 au zaidi iwe na kamati ya usalama ambamo wafanyakazi nao wanakaa. Inasema pia kwamba mfanyakazi akitoa taarifa ya hatari kubwa iliyo mbele yake, hawezi kulazimishwa kurudi pale kabla haijarekebishwa.

Nenda sasa kwenye saiti ya ghorofa Nairobi au Dar es Salaam uitafute haki hiyo. Mkandarasi mkuu amempa kazi mkandarasi mdogo, huyu amempa nyapara, na nyapara huchagua vibarua getini asubuhi. Saidia fundi akikataa kushuka kwenye shimo refu lisilo na nguzo za kuzuia udongo, hakuna atakayemfukuza. Kesho tu nyapara atamnyooshea kidole mtu wa pembeni yake. Hakuna barua, hakuna kosa lililoandikwa, hakuna cha kupeleka kwenye kamati. Na nyapara naye si lazima awe mtu mbaya. Analipwa kwa mita zilizochimbwa, na bei ya mita ilipangwa ofisini na watu ambao hawajawahi kuliona shimo lenyewe.

Kwa hiyo ningekuwa mkaguzi, kabla ya kuhesabu kofia ngumu ningeomba ratiba ya mradi na bei za zabuni, nione kama kuna siku wala shilingi iliyotengwa kwa ajili ya kusimama. Kisha ningeuliza ni lini mara ya mwisho kazi ilisimamishwa kwa sababu ya hatari, ni nani aliyeisimamisha, na kama bado anafanya kazi pale.