Hisabati kwa Asiyeona: Tunayoyaamini na Yaliyo Kweli

Mwanafunzi asiyeona akifika sekondari, mara nyingi huelekezwa kwenye Historia, Kiswahili au Dini kabla hajaulizwa anapenda nini. Wanaomwelekeza si watu wabaya, na wengi wao wanampenda kwa dhati. Ila wanasimamia maneno waliyoyasikia bila kuyapima.

"Hisabati inahitaji macho, hasa jiometri."

Nicholas Saunderson alipofushwa na ndui akiwa na umri wa mwaka mmoja hivi. Mwaka 1711 Chuo Kikuu cha Cambridge kilimpa kiti cha uprofesa wa hisabati ambacho Isaac Newton alikuwa amekikalia kabla yake. Alifundisha hata elimu ya mwanga, na hesabu zake alizifanya kwa ubao wa matundu na pini alizozipapasa kwa vidole.

Lev Pontryagin wa Urusi alipoteza macho akiwa na miaka 14, jiko la primus lilipolipuka. Mama yake alimsomea vitabu vya hisabati ya juu ingawa mwenyewe hakuwa na elimu hiyo. Alama asiyoijua jina aliieleza kwa sura yake: hii mikia yake iko juu, ile mikia yake iko chini. Kijana huyo akaja kuwa mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne ya 20, na fani iliyompa jina ni topolojia, yaani hisabati ya maumbo. Mfaransa Bernard Morin, asiyeona tangu akiwa na miaka sita, alieleza hatua kwa hatua jinsi tufe linavyoweza kugeuzwa ndani likawa nje kwa kanuni za fani hiyohiyo, akatengeneza vielelezo vya udongo ili wenzake wenye macho wamwelewe. Umbo hukaa akilini. Jicho ni mlango mmoja tu wa kuliingiza humo, na kidole ni mwingine.

"Breli ni ya lugha, haiwezi hesabu."

Inaweza, ila lazima ifundishwe. Abraham Nemeth, Mmarekani aliyezaliwa bila kuona, alishauriwa asome saikolojia kwa kuwa hisabati haikuwa ya watu kama yeye. Akairudia hisabati, akaifundisha chuoni, na akabuni mfumo wa nukta nundu wa kuandikia sehemu, vipeo, vipeuo na alama za kalkulasi. Mfumo huo ulikubaliwa rasmi Marekani mwaka 1952.

Ugumu wa kweli uko mahali pengine. Kwenye karatasi, sehemu huandikwa juu na chini. Kwenye breli kila kitu hupangwa mstari mmoja, kwa hiyo mwanafunzi lazima azijue alama zinazomwambia sehemu inaanzia wapi na inaishia wapi. Mwalimu naye mara nyingi husema akiwa ameelekea ubaoni: "chukua hii, ilete huku, gawanya kwa hii." Asiyeona hajapata chochote hapo. Hata mwalimu akisema "moja gawanya kwa eksi jumlisha mbili," bado kuna utata: je, mbili iko chini ya mstari au nje yake? Eksi ikiwa 2, jibu ni robo kwa njia moja na mbili na nusu kwa nyingine. Mwalimu anayesema "sehemu inaanza, moja juu, eksi jumlisha mbili chini, sehemu inaisha" amemfundisha asiyeona bila kutumia hata shilingi. Na yule wa dawati la nyuma anayeona vizuri lakini alikuwa amepotea, naye amenufaika.

"Maabara ni hatari kwake."

Maabara ni hatari kwa yeyote asiyeandaliwa. Kimiminika hupimwa kwa bomba la sindano lililokatwa pengo kwenye mpini, kidole kikahisi kipimo kilipofika. Kuna vipimajoto vinavyosema. Geerat Vermeij, mwanabiolojia asiyeona tangu utotoni, ameandika historia ya konokono wa baharini na maadui zao kwa kupapasa magamba, akisoma makovu yaliyoachwa na kaa.

"Siku hizi kuna kompyuta, breli imepitwa."

Kompyuta inasaidia sana. Programu ya NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na kijana asiyeona, husoma skrini kwa sauti na hutolewa bure. Lakini mlinganyo uliobandikwa kama picha haiwezi kuusoma kama hesabu. Tena hesabu ndefu ikisomwa kwa sauti tu hukimbia akilini, wakati kwenye breli kidole kinaweza kurudi nyuma na kukagua.

"Kumsamehe hesabu ni kumhurumia."

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote. Mtoto aliyesamehewa hesabu akiwa na miaka 12 amefungiwa uhandisi, uchumi, takwimu na kompyuta kabla hajajua ni vitu gani. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma katika taasisi zilizojumuishwa na jamii na haki ya kutumia breli. Haki hiyo ina faida gani ikiwa kitabu cha hesabu cha breli kinamfikia mtoto baada ya darasa kumaliza mada?

Wanda Díaz-Merced, mwanafizikia wa anga kutoka Puerto Rico, alipopoteza kuona alianza kugeuza takwimu za nyota kuwa sauti, akaendeleza kazi hiyo katika kituo cha uangalizi wa anga Cape Town. Kwa kusikiliza, hata watafiti wanaoona waligundua mabadiliko ambayo grafu ziliyaficha. Shule inaweza kuanza na kidogo zaidi: uzi uliogundishwa kwenye karatasi ngumu ukawa mstari wa grafu, na mada za wiki ijayo zikatajwa mapema ili anayechapa breli aanze kazi leo.