Mwenye bucha, dereva wa lori na kiti cha bunge la jimbo: yanayosemwa na yalivyo

Kila uchaguzi wa Marekani ukikaribia, kuna hadithi huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Fundi bomba, msusi au dereva wa lori kaamka asubuhi moja, kachukua fomu, katumia hela ya chai, kang'oa kigogo. Ni hadithi tamu, na ndani yake mna ukweli. Lakini ukweli huo umepakwa chumvi nyingi, na wanaoumia ni wale wenye saluni zao na vibanda vyao wanaoisikia na kuanza kupiga hesabu ya kujaribu.

Kwanza tutenganishe vitu viwili. Kongresi iliyoko Washington ina wajumbe 535. Mabunge ya majimbo 50 kwa pamoja yana viti zaidi ya 7,300, na huko ndiko hutungwa sheria zinazomgusa mwenye biashara ndogo kila siku: leseni za ufundi, kodi ya mauzo, fidia ya mfanyakazi aliyeumia kazini. Chukua ususi. Huko Dallas, Texas, msusi Isis Brantley alikamatwa 1997 kwa kusuka nywele bila leseni ya saluni. Alihangaika mahakamani miaka mingi, na mwaka 2015 jaji akampa haki na bunge la Texas likaondoa kabisa masharti ya leseni kwa wasusi. Sheria ile iliandikwa Austin, makao makuu ya jimbo la Texas, na ilifutwa Austin. Rais wa Marekani hakuhusika nayo hata kidogo.

"Ukishaingia bungeni, umetoka kimaisha"

Sisi tukisikia "mbunge" tunaona Dodoma au Nairobi: gari kubwa, posho ya kikao, kiinua mgongo. Kwa majimbo ya Marekani, inategemea umesimama wapi. New York inalipa dola 142,000 kwa mwaka, na California haiko mbali sana na hapo. Hao ni wabunge wa kazi ya kudumu.

Sasa nenda New Hampshire. Baraza la Wawakilishi la huko, moja ya mabaraza mawili ya bunge lao, lina wajumbe 400, kwa jimbo lenye watu kama milioni 1.4. Kila mmoja hulipwa dola 200. Si kwa siku wala kwa mwezi: ni kwa muhula mzima wa miaka miwili, na kiwango hicho kimo kwenye katiba yao tangu 1889. Texas, jimbo la pili kwa wingi wa watu nchini, hulipa dola 600 kwa mwezi tangu 1975, na posho ya kujikimu wakati wa kikao. New Mexico imezoea kuwapa wabunge wake posho bila mshahara.

Kwa mtu anayelipa pango la duka, maana yake ni kwamba katika majimbo mengi kiti hicho hakimlishi. Yeye ndiye anayekilisha.

"Basi waongezewe mshahara, makabwela wataingia"

Hili hata mimi naliona lina mantiki, na ndiyo maana linashangaza. Watafiti wawili wa sayansi ya siasa, Nicholas Carnes na Eric Hansen, walilinganisha majimbo yanayolipa vizuri na yanayolipa kiduchu. Hawakuona mabunge yenye mshahara mnene yakiwa na wabunge wengi zaidi waliotoka kwenye kazi za kawaida. Mshahara ukipanda, wanaovutiwa zaidi ni wanasheria na wataalamu wengine ambao tayari wana njia ya kuchangisha pesa, na hao ndio hujaa mlangoni. Yaani dawa iliyoandikiwa makabwela inanywewa na wengine. Hii haina maana kwamba mshahara mdogo ni mzuri, la. Ina maana kwamba kikwazo kikubwa kiko kabla ya mshahara: miezi ya kampeni, ambayo haina mshahara wowote.

"Mabunge yao yamejaa watu wa kawaida, si kuna wenye maduka wengi tu?"

Wenye biashara ni wengi kweli. Lakini "mwenye biashara" ni kofia pana: iko juu ya kichwa cha mwenye kibanda cha chakula na cha mwenye kampuni ya magorofa. Carnes na Hansen walipohesabu mwaka 2023 wabunge ambao kazi yao ya sasa au ya mwisho ilikuwa ya mikono, ya huduma, ya ukarani au ndani ya chama cha wafanyakazi, walipata 116 nchi nzima. Ni kama asilimia 1.6, huku kazi za aina hiyo zikiwa riziki ya karibu nusu ya wafanyakazi wa Marekani. Kuna majimbo ambayo hayakuwa naye hata mmoja.

Mwenye biashara, hata awe na mtaji wa kuungaunga, kwenye hesabu kama hizo hukaa upande wa wafanyabiashara. Ndiyo maana mgombea akikuambia "mimi ni mfanyabiashara mdogo", muulize ana waajiriwa wangapi na nani anafungua duka saa kumi na mbili asubuhi. Majibu hayo mawili yanakwambia zaidi ya bango lake.

"Dola 153 zinatosha kumng'oa kigogo"

Hapa tukae kidogo, maana hii ndiyo iliyosambaa kuliko zote.

Novemba 2021, kusini mwa New Jersey, Edward Durr, dereva wa lori wa kampuni ya fanicha, alimshinda Steve Sweeney, aliyekuwa rais (yaani spika) wa Seneti, baraza la juu la bunge la jimbo, tangu 2010 na mtu wa pili kwa nguvu baada ya gavana. Vyombo vya habari vikaandika kwamba Durr alitumia dola 153. Ukifungua hesabu yenyewe unakuta dola 66.64 za vitafunwa na kahawa vya wasaidizi wake kutoka mgahawa wa Dunkin', na dola 86.67 za vipeperushi na kadi za jina. Video yake ya kampeni ilipigwa kwa simu.

Kilichosahauliwa kwanza ni kwamba zile 153 zilikuwa za hatua ya mchujo wa chama tu. Mpaka siku ya kura alikuwa ametumia maelfu kadhaa. Bado ni hela ndogo ajabu, hasa ukikumbuka kwamba 2017 ugombea wa kiti hichohicho ulimeza mamilioni ya dola, moja ya chaguzi za ubunge wa jimbo zilizogharimu zaidi nchini. Lakini kutoka 153 hadi maelfu si umbali wa kupuuzwa na mtu anayehesabu bili ya umeme.

Pili, Durr hakuwa mgeni; alikuwa ameshagombea na kubwagwa kabla ya hapo. Tatu, mwaka ule upepo ulivumia chama chake cha Republican jimbo zima. Gavana wa wakati huo, Phil Murphy wa Democratic, aliyetarajiwa kupita kwa raha, alipona kwa tofauti ya pointi kama tatu tu. Na nne, hii huwa naipenda: Sweeney mwenyewe ni fundi wa kuunga vyuma vya majengo, mtu wa chama cha wafanyakazi wa vyuma tangu ujana wake. Kwa hiyo ile picha ya "kabwela kampiga bwanyenye" haikai sawa. Mtu wa kazi za mikono alimwondoa mtu wa kazi za mikono aliyekaa madarakani muda mrefu.

Kampeni ya bei rahisi ina gharama yake pia. Kwa kuwa hakuna aliyemchukulia kwa uzito, hakuna aliyemchunguza. Siku chache baada ya ushindi yakafukuliwa maandishi yake ya zamani mtandaoni dhidi ya Waislamu, ikabidi aombe radhi. Mwaka 2023 Democratic walijipanga, wakamsimamisha John Burzichelli, na Durr akashindwa. Hadithi ya WhatsApp huishia 2021.

"Ukijiajiri unajipangia muda"

Anayesema hivi hajawahi kuendesha duka. Mwajiriwa akiomba ruhusa, kazi inaendelea bila yeye. Kinyozi akifunga mlango, na mteja anaondoka, na huyo mteja anaweza asirudi.

Mtazame Jon Tester. Ana shamba la nafaka na alikuwa na bucha ya familia huko Big Sandy, Montana, kijiji cha watu mia kadhaa. Akiwa na miaka tisa, mashine ya kusagia nyama ya bucha hiyo ilimkata vidole vitatu vya kati vya mkono wa kushoto. Akafundisha muziki shuleni, akakaa kwenye bodi ya shule, na mwaka 1998 akachaguliwa kuingia Seneti ya Montana. Mwaka 2005 akawa rais wake, na mwishoni mwa 2006 akashinda useneta wa taifa, alioushika hadi aliposhindwa 2024.

Watu humtaja kama ushahidi kwamba mwenye biashara ndogo anaweza. Anaweza, ndiyo. Lakini tazama kalenda. Bunge la Montana hukutana mwaka mmoja na kuruka mmoja, kwa siku zisizozidi 90 za kazi, kuanzia Januari. Januari Montana shamba limelala chini ya theluji. Texas nayo hukutana miaka isiyogawanyika kwa mbili, siku 140 kuanzia Januari. Kalenda hizi zilimfaa mkulima. Mwenye saluni hana msimu wa theluji. Hata Jumamosi moja aliyoikosa anaijua kwa jina.

Troy Jackson wa Maine ni mfano mwingine wa namna hiyo. Ni mkata magogo kutoka Allagash, kaskazini kabisa. Mwaka 1998 alikuwa miongoni mwa wakata magogo waliofunga barabara za mpakani kupinga kazi zao kupewa vibarua kutoka Kanada. Akaingia bunge la jimbo 2002, na baada ya uchaguzi wa 2018 wenzake wakamfanya rais wa Seneti. Jimbo la Maine lina kitu ambacho mengine mengi hayana: mgombea wa Baraza la Wawakilishi akikusanya michango 60 ya dola tano tano kutoka kwa wapiga kura wa eneo lake, anaweza kuingia kwenye mfuko wa umma unaogharamia kampeni. Wananchi walipitisha utaratibu huo kwa kura 1996, na ukaanza kutumika 2000. Dola tano zinachangishika dukani kwako, kaunta kwa kaunta. Ukiniuliza ni lipi linalomfaa kabwela kuliko mshahara mkubwa, ningetaja hilo.

"Hela ya duka ni yangu, naitumia nitakavyo"

Hela yako binafsi, sawa. Tangu Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya Buckley mwaka 1976, mgombea anaweza kutumia fedha zake mwenyewe bila kikomo. Lakini ukishasajili duka kama kampuni, duka si wewe tena mbele ya sheria. Texas, kwa mfano, inakataza kampuni kumchangia mgombea. Kwingine inaruhusiwa kwa kikomo. Uchapishe mabango kwenye mashine ya duka lako bila kulipia, hiyo nayo yaweza kuhesabiwa mchango. Kampeni inataka akaunti yake ya benki na daftari lake. Wanaozoea kuchanganya hela ya nyumbani na ya biashara, nadhani mnaelewa hatari iko wapi.

"Wapiga kura hawamtaki asiye na digrii"

Wanamtaka. Carnes na mwenzake Noam Lupu waliwapa watu wa Marekani, Uingereza na Argentina wasifu wa wagombea wa kubuni, wengine wakiwa wafanyakazi wa kawaida, wengine wataalamu. Wapiga kura hawakumwadhibu mfanyakazi. Wanaosita ni viongozi wa vyama ngazi ya wilaya, ambao wakitafuta mgombea humpigia simu wakili wanayemfahamu. Fundi wa gari yule yule anayewatengenezea magari hapigiwi.

"Lazima uwe umezaliwa Marekani"

Sharti la kuwa raia kwa kuzaliwa ni la rais na makamu wake peke yao. Raia wa kuandikishwa anaweza kugombea bunge la jimbo akitimiza umri na muda wa kuishi pale. Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Nyamira, Kenya, alichaguliwa Novemba 2024 kuingia Baraza la Wawakilishi la Minnesota. Miaka minane kabla yake, baraza hilohilo lilimpata Ilhan Omar, mzaliwa wa Somalia aliyeishi miaka minne kambini nchini Kenya. Na mlango wenyewe si ghali kila mahali: Texas, mgombea wa chama kwa kiti cha Baraza la Wawakilishi hulipa ada ya dola 750, au akikosa, huleta saini 500.

Mwenye grinikadi, yaani kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja, bado si raia, kwa hiyo hagombei, na kupiga kura tu kunaweza kumfukuzisha nchini. Kuchangia kampeni anaruhusiwa, na kugonga milango kwa ajili ya mgombea anaruhusiwa pia.