Kompyuta ya XP na Wi-Fi: mwachie ruta kazi hiyo

Baridi ya Juni ikishika Mbeya, mafundi wa sweta za shule pale Mwanjelwa hawapumui, na swali lao kwangu huwa lilelile. Kompyuta inayoendesha mashine ya kudarizi nembo ni ya Windows XP, programu yake haikubali Windows mpya, na ufunguo wake (kidude cha leseni, bila hicho programu haifunguki) unachomekwa kwenye lile tundu refu la printa. Mchoro wa nembo umetumwa WhatsApp. Utafikaje kwenye mashine?

Wengi huja wameshanunua kidude cha Wi-Fi cha USB. Kama risiti ipo, kirudishe. Vingi vinavyouzwa sasa havina draiva (programu ya kukiendesha kidude) ya XP, na XP yenyewe ilianza kuja na WPA2, ulinzi wa nywila wa Wi-Fi, ndani yake kwenye Service Pack 3 ya mwaka 2008. Kompyuta yenye USB 1.1 nayo haivuki megabiti 12 kwa sekunde. Kuna kadi za zamani zaidi zinazojua WEP tu, ulinzi wa zamani ulio dhaifu, na hapo utamkuta fundi anataka kushusha ulinzi wa ruta ya watu wote ili kuibembeleza kadi moja. Usikubali.

Geuza CPU, utazame nyuma. Tundu la LAN, la waya wa mtandao, lipo? Basi kazi imekwisha nusu. Tafuta ruta ndogo yenye modi ya klaenti (MiFi nyingi za mfukoni hazina hata tundu la LAN, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa). Ruta hiyo inajiunga na Wi-Fi kama simu, kisha inatoa mtandao kwa waya. Mambo ya nywila na WPA2 yanaishia kwenye ruta. XP inaona waya tu. LAN ya megabiti 10 kwa waya wa kusokotwa ilisanifishwa mwaka 1990, na matundu ya kawaida ya leo bado yanashuka yenyewe hadi kasi hiyo. Yale mapya ya gigabiti 2.5, baadhi hayashuki.

Isete ruta kwa simu au laptopu kwanza. Kama haina 5 GHz, hotspoti ya simu iwe 2.4 GHz, na ulinzi uwe WPA2, si WPA3 peke yake. Modi chagua ile ya WISP, inayogawa anwani zake kwa NAT (yaani XP inajificha nyuma ya ruta), ili vifaa vingine vya kwenye Wi-Fi visiifikie XP moja kwa moja. Tahadhari hiyo ni kwa sababu Microsoft waliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014.

Adapta za kupitisha mtandao kwenye nyaya za umeme? Nyumbani sawa, zikichomekwa ukutani moja kwa moja, si kwenye stabilaiza wala UPS. Kwenye fremu zenye LUKU tofauti na mota za cherehani zinazonguruma, mimi sizipendekezi.

Ukishaunganisha, usitegemee kufungua tovuti. Nyingi zinadai TLS 1.2, njia ya kufunga mawasiliano kwa siri, ambayo brauza ya XP haina. Kushea folda na Windows 10 pia kutakusumbua, kwa sababu XP inaongea SMB (lugha ya Windows ya kushea faili) ya kwanza tu, na matoleo mengi ya Windows 10 yanakuja yameizima. Weka kwenye simu inayotoa hotspoti programu ya seva ya FTP, njia ya zamani ya kuhamisha mafaili. Itakuonyesha anwani inayoanza na ftp://, mara nyingi ikiishia na 2121. Iandike kwenye My Computer ya XP, pale juu, bonyeza Enter, kisha buruta faili la nembo hadi kwenye desktopu.