Gasketi ya hedi imeungua: maneno ya gereji za Mtwara na ukweli wake

Msimu wa korosho ukishika kasi, kuanzia Oktoba, gereji za Mtwara na Masasi hazikosi mgeni wa aina moja: Noah, Hiace au Canter iliyopanda uwanda wa Makonde na mzigo, ikarudi inavutwa kwa kamba. Fundi anafungua mfuniko wa oili, anakuta uji wa rangi ya chai ya maziwa, anamgeukia mwenye gari: "Bosi, gasketi imeungua." Mara nyingi yuko sahihi. Kasheshe iko kwenye maneno yanayofuata hapo, maana mengi yamerithiwa tu kutoka kijiwe hadi kijiwe, na kila moja lina gharama yake.

Gasketi ya hedi ni bamba jembamba linalokaa kati ya bloku na silinda hedi. Linazuia vitu vitatu visikutane: moto wa ndani ya silinda, oili na maji. Likitoboka kati ya silinda na njia ya maji, gesi inaingia kwenye rejeta. Likitoboka kati ya oili na maji, unapata ule uji.

"Gasketi ndiyo mbovu. Weka mpya, safari iendelee."

Hii ndiyo inayokula fedha za watu kuliko zote, kwa hiyo tukae nayo kidogo. Gasketi huwa haijifii. Kwenye magari mengi tunayoendesha, hedi ni ya aluminiamu na bloku ni ya chuma cha kusubu, na aluminiamu ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Injini ikichemsha, hedi inataka kutanuka, bolti zimeibana, basi inapinda na kuiponda gasketi. Ikipoa, panabaki mwanya. Kilichotangulia kuharibika ni upoozaji. Ukifunga gasketi mpya bila kujua joto lilitoka wapi, umefunga nyingine ya kuungua.

Huku pwani washukiwa wanajulikana. Rejeta ya gari linalolala Shangani au Mikindani huliwa na hewa ya chumvi mpaka mapezi yake yanamong'onyoka ukiyagusa kwa kidole. Gari la ruti ya Tandahimba na Newala hukusanya mchanga na mbegu za nyasi kati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi, mahali usipopaona mpaka kimojawapo kitolewe. Feni ya umeme inagoma kwa sababu ya relei iliyokufa au waya ulioota kutu ya kijani. Kwenye dizeli, feni ya mkanda inaweza kuonekana inazunguka vizuri kabisa kumbe kitovu chake kimechoka na haivuti hewa ya maana.

Halafu kuna mfuniko wa rejeta, ambao hakuna anayeushuku. Utazame juu: mingi ya Toyota imeandikwa 0.9 au 1.1. Hiyo ni presha inayoshikilia ndani ya mfumo, na ndiyo inayofanya maji yasichemke kwenye nyuzi 100 bali karibu na 120. Mpira wake ukikatika au springi ikilegea, presha inatoka, na maji yanachemka mapema, hasa unapopanda mlima umejaza gunia. Watu wamefungua injini nzima kwa sababu ya mfuniko.

"Toa themostati, gari lipoe."

Themostati ni vali inayofunguka maji yakipata joto ili yaende kwenye rejeta. Ushauri huu umeenea hivi kwamba kuna magari yamebadilisha wamiliki mara kadhaa na hakuna aliyewahi kuwa na themostati. Hoja yake inaonekana ya akili: kizuizi kikitoka, maji yanapita kwa wingi. Ila injini nyingi za Toyota zina themostati yenye visahani viwili. Kimoja kinafungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na kingine, kwa wakati huohuo, kinaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa yote, njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji yanazunguka ndani kwa ndani bila kufika kwenye rejeta, na mlimani gari linachemsha kuliko mwanzo. Hata kwenye injini zisizo na mpango huo, injini inayotembea haijapata joto lake inakula mafuta zaidi na kulika haraka. Themostati mbovu inabadilishwa. Kuipima ni rahisi: itumbukize kwenye sufuria ya maji ya moto uone kama inafunguka.

"Kulanti ni ya nchi za baridi, sisi maji yanatutosha."

Kuzuia maji yasigande ni kazi moja tu ya kulanti, na kweli hiyo hatuihitaji. Tunachohitaji ni dawa iliyomo inayozuia kutu, pamoja na kupandisha kiwango cha kuchemka. Maji ya kisima cha pwani yana chumvichumvi, na chumvi ikikutana na aluminiamu ya hedi, chuma cha bloku na joto, ulaji huanza kuzunguka matundu ya maji, palepale gasketi inapoegemea. Ndiyo maana hedi nyingine ikifunguliwa inakutwa na vishimo, na gasketi mpya haiwezi kuziba juu ya kishimo. Maji ya madini magumu nayo huacha ukoko ndani ya rejeta. Ukikwama njiani weka maji yoyote safi ufike, wala usijilaumu. Ukishafika, yamwage, weka kulanti iliyochanganywa na maji yaliyochujwa madini.

"Mshale umeshuka wenyewe, limepoa."

Kama ulikuwa juu kisha ukaanguka ghafla, simama. Kipima joto hufanya kazi kikiwa kimezama ndani ya maji. Maji yakiisha kinapima mvuke na hewa, na mshale unaweza kushuka huku hedi inaiva. Mishale mingi ya magari ya kisasa pia imetengenezwa itulie katikati kwa masafa marefu ya joto, hivyo ukiona inapanda, mambo yameshaharibika kitambo. Vitz na wenzake wengine hawana hata mshale, wana taa ya buluu na nyekundu. Na ukisimama, usikimbilie mfuniko wa rejeta wala kumwaga maji baridi juu ya injini. Mvuke wa rejeta huchubua uso, na hedi ya moto ikimwagiwa maji baridi inaweza kupasuka. Subiri mpaka bomba la juu la rejeta lishikike kwa mkono.

"Moshi mweupe, basi ni gasketi."

Si lazima. Asubuhi ya Julai kule Newala, gari zima kabisa linatoa mvuke kwenye ekzosi na kuacha baada ya dakika chache. Hata utando kidogo wa rangi ya maziwa chini ya mfuniko wa oili unaweza kuwa unyevu tu, kwa gari linalotembea safari fupifupi. Kinachotia wasiwasi ni mkusanyiko: maji yanapungua bila kuvuja nje, mapovu hayaishi kwenye rejeta injini ikiunguruma, bomba la maji limekakamaa asubuhi kabla hujawasha. Kabla ya kufungua hedi mwambie fundi apime presha ya silinda moja moja. Kuna pia kipimo cha maji ya buluu kinachowekwa juu ya rejeta. Yakigeuka njano, gesi ya silinda imo humo.

"Hedi piga msasa, weka silikoni, kaza mpaka igome."

Hapa ndipo kazi nzuri huharibikia. Kwenye injini nyingi ndogo za petroli, kiwango cha kupinda kinachovumilika kwa hedi ni karibu milimita 0.05, ambayo haizidi unene wa unywele. Jicho halioni hiyo. Inapimwa kwa rula ya chuma iliyonyooka na vibati vya kupimia mwanya, kwa urefu, upana na mshazari. Ikizidi, hedi inapelekwa kwenye mashine ikachongwe. Wengine huipakia kwenye basi kwenda Dar, na ni heri usumbufu huo kuliko msasa wa mkononi, ambao huchimba mabonde hapa na vilima pale. Gasketi za kisasa za tabaka za chuma zinataka uso laini sana. Zile za zamani za grafiti ziliweza kusamehe, hizi hazisamehi. Silikoni nayo haina kazi kwenye uso wa gasketi ya hedi, isipokuwa zile kona ambazo kitabu cha gari kinazitaja. Inayobaki hukatika na kwenda kuziba njia za oili.

Kabla ya kuichonga, hedi ipimwe mipasuko kwa presha. Wenye injini za dizeli za Toyota za 2L na 1KZ wanaelewa: nyufa kati ya vali ni ugonjwa wao wa kawaida, na kuchonga hedi iliyopasuka ni kutupa hela. Kwenye dizeli kuna jambo jingine linalorukwa. Gasketi zake huuzwa kwa unene tofauti, zikiwa na alama pembeni, na unene unachaguliwa kwa kupima pistoni inachomoza kiasi gani juu ya bloku. Dukani ukiuliza tu "gasketi ya 2L" utapewa iliyopo.

Bolti je? Nyingi za kisasa hukazwa mpaka zivutike kidogo, hivyo lazima zipimwe au zinunuliwe mpya. Injini ya 1NZ ya IST, kwa mfano, hukazwa kwa nguvu ya Nm 29 (Nm ni nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), kisha kila bolti inazungushwa nyuzi 90, kisha 90 nyingine, kuanzia katikati kwenda pembeni. Bila spana ya kupima nguvu, fundi anabahatisha, hata awe na mkono wa miaka ishirini.

"Madhali imefunguliwa, tuiongezee nguvu."

Hamu hii naielewa, na si kila ndoto ni mbaya. Ila tuanze na maarufu: kufunga tabo, yaani kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi, kwenye Land Cruiser mkonga yenye injini ya dizeli ya 1HZ. Injini hiyo ya lita 4.2 ilitengenezwa ipumue yenyewe. Mafuta huanza kuwakia kwenye chemba ndogo ndani ya hedi, na mgandamizo wake, yaani hewa inavyobanwa ndani ya silinda, ni zaidi ya 22 kwa 1. Ndugu yake 1HD-T, iliyotoka kiwandani na tabo, inapuliza mafuta moja kwa moja juu ya pistoni na mgandamizo wake ni 18.6 kwa 1. Kwa hiyo tabo juu ya 1HZ huongeza joto mahali palepale hedi yake ilipo dhaifu. Wapo wanaoendesha hivyo kwa presha ndogo na kipima joto cha ekzosi. Wanaoongeza presha ili wafurahie mlima ndio wanaorudi na hedi iliyopasuka.

Kuchonga hedi kupita kiasi ili kupandisha mgandamizo kwenye petroli ni mchezo uleule: injini inaanza kugonga, yaani mafuta yanalipuka ovyo ndani ya silinda, na kugonga kunaipiga gasketi.

Kwangu mimi, fedha ya ziada iende kwenye rejeta mpya, pampu ya maji, mabomba, na kipima joto cha namba chenye king'ora kinacholia hata maji yakipungua. Haviongezi kasi hata kidogo, ila mlima wa Newala utaupanda bila kuzima kiyoyozi.

Na ukiamua kuachana na injini ya zamani na kuchukua ya mtumba, pima presha za silinda kabla hujalipa, hakikisha inakuja na waya na kompyuta yake, halafu angalia namba yake. Kadi ya gari ina namba ya injini, na ikibadilika inabidi TRA wajulishwe na kadi irekebishwe. Omba risiti ya injini dukani siku hiyohiyo, maana mnunuzi wa gari lako atakapoinama kusoma namba kwenye bloku, ndiyo atakayoitaka kwanza.