Gradienti ndogo haiiondolei valvu shaka

Ripoti ya eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) inasema hivi: valvu ya aota, mlango wa damu itokayo moyoni, imekakamaa, tundu 0.8 cm² (finyu sana), gradienti ya wastani, yaani tofauti ya presha kabla na baada ya valvu, 28 mmHg (ndogo), EF, yaani asilimia ya damu inayosukumwa nje kila pigo, 60%. Halafu chini: "Imebana kiasi, arudi mwakani." Mgonjwa mwenyewe akipanda ngazi anaona giza! Ripoti za namna hii zimezidi Dar, na zinachelewesha watu kufika kwa daktari wa upasuaji.

Gradienti hutegemea valvu pamoja na damu inayopita. Bomba lenye maji kidogo, hata ulibane kwa kidole, halirushi mbali. Na EF isikutulize. Ukuta wa ventrikali ya kushoto, chumba kinachosukuma damu mwilini, ukinenepa, nafasi ya ndani hupungua, na asilimia 60 ya nafasi finyu ni damu kidogo. Andikeni ujazo wa pigo moja, yaani damu inayotoka moyo ukipiga mara moja. Ukiwa chini ya ml 35 kwa mita mraba ya mwili, gradienti ndogo haitoshi kumwondolea mtu hatari. Andikeni na presha ya wakati huo. Mwenye 190/100 apimwe tena ikishatulia.

Ila kabla ya yote, rudini kwenye kipenyo cha njia ya damu chini ya valvu, ambacho ndicho tunachokokotolea tundu. Hapo ndipo tunapoharibu. Katika kupata eneo, kipenyo kinazidishwa kwa chenyewe: mm 20 ni 3.14 cm², mm 18 ni 2.54. Kwa milimita mbili tu, tundu la 1.0 linasomeka 0.8. Kuza picha, igandishe katikati ya sistoli (moyo unapobana), pima ukingo wa ndani kwa ukingo wa ndani, rudia. Kisha mlaze mgonjwa ubavu wa kulia, utafute mkondo wa damu kwa dopla (kipimo cha kasi yake) kulia mwa mfupa wa kifua. Wengi wanaishia kwenye apeksi (ncha ya moyo), na kasi kubwa kuliko zote inawapita.

EF ikiwa chini, eko ya dobutamini, dawa inayoongeza nguvu ya moyo. Hilo halina ubishi.

EF ikiwa nzuri, CT skani ya kalisi iliyojikusanya kwenye valvu husaidia: kuanzia alama 2000 kwa mwanamume na 1200 kwa mwanamke, huenda valvu imebana sana. Hapa nina shaka. Mipaka hiyo ilitoka kwa wazee wenye valvu zilizojaa kalisi, na sisi tuna vijana wengi ambao valvu zao ziliharibiwa na homa ya rumatiki, zenye makovu kuliko kalisi. Binti wa miaka 30 akipata 700, siwezi kumwambia yuko salama. Ninampima upya kila kitu, nasikiliza dalili zake, na faili lake nalipeleka kwenye kikao cha upasuaji.